Akisema Mimi, Nawe Sema Mimi

Kawira, mwari wakwa, binti yangu,

Sitakuandikia habari za kula wala za kufunga mlango. Unajua kupika, unajua kufua, na baba yako amekueleza mambo ya nyumba za kupanga huko Meru mpaka ukapiga miayo. Nakuandikia kwa sababu jana nilikuambia, "Usiende," nawe ukaniuliza kwa nini. Ukasema, "Mama, unataka nikae hapa Kanja nichume majani chai kama wewe?" Kisha ukaingia chumbani na mlango ukalia. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningesema hayo hayo, pengine na zaidi.

Naandika kwa Kiswahili. Kimeru nakisema tu, sikuzoea kukiandika. Kiingereza nilikiacha nikiwa msichana wa sekondari, na kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi utajua sababu.

Uliporudi kutoka kwenye yale mafunzo ya makarani wa korti ulikuwa na furaha nyingi. Ulikaa kwenye kigoda karibu na moto ukaanza kutusimulia. Ulisema karani anayetafsiri, akisimama kati ya shahidi na hakimu, haruhusiwi kusema "anasema kwamba aliiba." Ni lazima aseme "I stole," mimi niliiba, kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyeiba. Ukacheka. "Kuna mzee mmoja darasani alikataa kabisa! Alisema yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kusimama mbele ya watu aseme 'mimi niliua.'" Baba yako naye akacheka. Mimi nikatoka nje na sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kumwaga. Nilisimama pale kwenye migomba nikaishika kwa mikono miwili mpaka uliponiita.

Baadaye nilijaribu. Nilikuuliza kama unajua vizuri tofauti ya "him" na "himself." Ukanitazama kama mtu anayeulizwa kama anajua kuvaa viatu. "Mama, hiyo ni grama ya darasa la tano." Ni kweli. Ni ya darasa la tano. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Umewahi kuniuliza mbona mama wa wenzako walikagua hesabu na mimi nilikagua hivyo vineno tu. Ulikuwa darasa la nne siku ile ulipoandika insha kuhusu shangazi yako. "My aunt is a farmer. He has two cows." Mwalimu alikuwa amepitisha, hakuona. Niliona mimi. Nilikunyang'anya sahani ya githeri nikakwambia hutakula mpaka mstari ule unyooke. Ulilia, ukasema, "Lakini Mama, kwetu si ni neno moja?" Ulikuwa na haki. Kwa Kimeru ni neno moja, kwa Kiembu ni neno moja, na kwa Kiswahili yeye ni mwanamume na yeye ni mwanamke. Mara nyingi hata hilo neno hatulihitaji, limo ndani ya kitenzi. Mtoto aliyelelewa hivyo anafika kwa Kiingereza na kukuta watu wamegawanywa: he, she, him, her, his, hers. Nilipaswa kukueleza hivyo taratibu. Badala yake nilikulaza na njaa. Nisamehe kwa sahani ile, na uendelee kusoma.

Unajua nilizaliwa Kanyakine. Unajua pia kwamba babu yako, baba yangu, alikufa kwa jeraha la panga. Hujawahi kuambiwa kwamba alikuwa na mdogo wake, jina lake Mutuma, na kwamba Mutuma yuko hai hadi leo.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, msichana pekee wa mtaa wetu aliyefika huko. Mwalimu wetu wa Kiingereza alipenda kuchora safu ubaoni. Safu ya watendaji, he na she. Safu ya watendewa, him na her. Safu ya wenye mali, his na hers. Safu ya wale wanaojitenda wenyewe, himself na herself. Niliziimba safu hizo nikipalilia, nikiteka maji, nikilisha mbuzi. Kwenye mtihani sikukosa hata moja. Lakini kwenye insha niliandika "He went himself to the river," nikitaka kusema alienda peke yake. Mwalimu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, darasa likacheka. Tangu siku hiyo nililiogopa neno hilo. Nililijua ubaoni, lakini mdomoni nililikwepa.

Baba na Mutuma walikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya mti wa mukima uliosimama mpakani mwa mashamba yao. Likizo ya mwaka huo walipatana. Waliamua kuuangusha na kugawana mbao. Waliuangusha asubuhi, wakawa wanatoa matawi. Panga la Baba likamponyoka, likamwingia mguuni juu ya goti. Mutuma alivua shati lake akamfunga, akambeba mgongoni mpaka barabarani, akapungia magari mpaka moja likasimama. Mama yangu akanisukuma nami ndani ya gari. "Nenda wewe. Daktari wa misheni ni mzungu. Wewe ndiye unajua."

Muuguzi aliyezoea kutafsiri pale hospitalini alikuwa na mama anayejifungua. Kwa hiyo tukabaki daktari, Baba kitandani, Mutuma amesimama mlangoni, na mimi katikati. Daktari akauliza kilichotokea. Baba akafumbua macho akaniambia polepole, kwa Kimeru, "Mwambie nilikuwa na Mutuma, tunatoa matawi. Panga ikaniponyoka mkononi, nikajikata."

Ni hayo tu. Hayakuwa maneno magumu. Ningefungua mdomo niseme kama alivyosema: I was with my brother, I cut myself. Lakini ningewezaje, Kawira? Unajua tulivyolelewa. Mtoto hasemi "mimi" kwa mdomo wa baba yake. Hata jina lake sikulitamka ovyo. Nilihisi kwamba nikisema "I" nitakuwa nimekalia kiti chake angali hai. Kwa heshima, basi, nikageuza "mimi" kuwa "yeye." Na nilipofika kwenye "himself," nikasikia lile darasa likicheka, nikaliruka.

Nilisema, "He was with his brother. They were cutting the tree. The panga came out of his hand and he cut him."

Yaani: alikuwa na ndugu yake, wakikata mti, panga likatoka mkononi mwake, naye akamkata. Mkono wa nani? Nani alimkata nani? Mimi nilijua. Kichwani mwangu kila "he" alikuwa Baba.

Daktari akainua uso. Akamwona Mutuma pale mlangoni, kifua wazi, damu imemshuka mpaka kiunoni. Akamwelekezea kalamu. "He? His brother?"

Nilidhani ananiuliza kama yule ndiye ndugu yake. "Yes," nikasema. "He is his brother, sir."

Akaandika. Nami, nitakuambia jambo ambalo hata baba yako hajui, nilifurahi. Baba alikuwa anatokwa na damu, nami nilifurahi kwamba mzungu ameelewa Kiingereza changu.

Baba alishikwa na homa. Hakuna aliyemuuliza tena neno. Kabla wiki haijaisha alikuwa amekufa.

Polisi walikuja kesho yake baada ya mazishi. Watu walikuwa bado wanakunywa uji uani. Wakamshika Mutuma mkono. Akauliza, "Nimefanya nini?"

"Marehemu alisema wewe ndio ulimkata. Daktari ameandika."

"Alimwambia nani maneno hayo?"

"Alisema kupitia mtoto wake."

Sikumbuki kama nilisimama au nilikaa. Nakumbuka vikombe vilitulia. Mama akanivuta ndani ya nyumba akaniuliza, "Baba yako alisema hivyo?"

"Hapana."

"Kwa hivyo ulimwambia daktari nini?"

Nikajaribu kumweleza. Hakuelewa, na simlaumu. Kwa lugha yetu kujikata na kumkata mtu haviwezi kuchanganyika. Hata mtoto anayejifunza kuongea hakosei hapo. Kwake yeye, mtu aliyesema "alimkata" alitaka kusema "alimkata." Akanitazama, nikaona anaanza kuamini kwamba Baba alinong'ona jambo kitandani na mimi ninalificha ili ukoo usigawanyike. Na ule mti wa mpakani kila mtu aliukumbuka.

Tulienda kituoni, mimi na yeye. Nikamwambia ofisa kwamba nilikosea, kwamba nilitaka kusema "himself." Akacheka kidogo. "Wewe si ndio wanasema uko namba moja kwa Kiingereza? Namba moja anakosea hapo? Nani amekutuma ubadilishe?" Mama akanishika begani tukatoka. Njiani aliniambia bila kunitazama, "Nyamaza sasa. Ukiongea mara ya pili watakufunga wewe."

Nikanyamaza. Kukosea ni kukosea, lakini kunyamaza nilikuchagua mwenyewe, kila asubuhi nilipoamka. Kahawa ya Mutuma iliiva ikaanguka chini, naye yuko rumande. Asubuhi moja mke wake, Nkatha, alikuja kwetu na mtoto mgongoni. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimsikia akimwambia Mama, "Niitie Karimi. Aende aseme. Yeye ndiye alikuwa mdomo." Mama akasema niko shule. Nkatha akajua niko pale, kwa maana alipaza sauti akaelekea jikoni. "Karimi! Baba yako mdogo amekonda mpaka simjui. Mwanangu, njoo useme!" Nilishika mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Aliita mpaka mtoto akaanza kulia, kisha akaenda.

Hiyo sauti ninayo bado. Ninapochuma majani chai naisikia.

Kesi ilipofika hatimaye, nilitakiwa kusimama kortini. Hakimu akauliza kama nitaongea Kiingereza. Nikatikisa kichwa. Wakamsimamisha karani kando yangu, mwanamume wa makamo mwenye mvi, koti lake limechakaa viwikoni. Nikasema kwa Kimeru, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye aliisikia kwa shida, "Mimi ndiye niliyekosea. Baba hakusema hivyo. Mimi ndiye."

Akageuka kwa hakimu akasema kwa sauti ya juu, "I am the one who made the mistake. My father did not say that. I am the one."

Kawira, alisema "I." Mtu mzima, mwenye watoto bila shaka, alisimama mbele ya watu akalibeba kosa la msichana kwa mdomo wake mwenyewe, bila kuona haya, bila kusema "huyu anadai." Sikuwahi kujua kwamba inawezekana. Nikamtazama nikalia, kwa sababu nilijua kwamba hivyo tu ndivyo nilivyotakiwa kufanya kando ya kitanda cha Baba.

Sasa unaelewa kwa nini nilitoka na sufuria. Ulikuwa unacheka jambo ambalo lingemwokoa mtu.

Waliposema Mutuma aende nyumbani, hawakusema hana hatia. Walisema ushahidi hautoshi. Hayo ni maneno mawili tofauti, na sokoni watu waliyatofautisha vizuri sana. "Ameponyoka," walisema. Alikuta Nkatha amerudi kwao na watoto. Alikuta magugu yamefunika kahawa. Hakutukana mtu. Aliuza alichoweza kuuza akaondoka Kanyakine akaenda kuishi Kiirua, kule kwenye vumbi na upepo baridi, ambako hakuna mtu aliyejua jina la baba yake. Mimi sikurudi shuleni. Mwalimu alituma watu wawili waniulize. Sikutoka nje. Baadaye nikaolewa na baba yako nikaja huku Embu, ambako kila mtu alinichukua kuwa mwanamke asiyejua kizungu, na nikashukuru.

Juzi nilipokuambia nina mkutano wa akina mama wa kanisa, nilikudanganya. Nilienda Kiirua. Ulipopata kazi, na kazi yenyewe ikawa ile, na korti yenyewe ikawa ya Meru kwa sababu unajua Kimeru changu na Kiembu cha baba yako, nilihisi siwezi kukaa. Niliuliza watu dukani, wakanionyesha.

Nilimkuta amekaa uani anachambua viazi vya mbegu. Amezeeka, lakini mabega ni yale yaliyombeba Baba. Mke aliyemwoa huko alinikaribisha. Nikasema jina langu. Mutuma hakuinua kichwa. Alimwambia mke wake, "Mpe kiti."

Nikakaa. Nikasema, "Baba mdogo, nimekuja..."

Akamwambia mke wake, "Mwulize kama atakunywa chai."

Mke wake akacheka kwa aibu. "Si yuko hapa, baba? Muulize wewe."

Hakuuliza. Kawira, nilikaa pale mpaka jua likahama, na hakuniambia "wewe" hata mara moja. Nilikuwa mbele yake, magoti yetu karibu yagusane, na kwake nilikuwa yeye tu. Ameingia. Amekaa. Anataka nini. Nilipiga magoti kwenye vile viazi nikamwomba msamaha, nikamwambia kila kitu, pamoja na siku ya Nkatha na mlango wa jikoni. Alinisikiliza. Najua alinisikiliza kwa sababu mikono iliacha kuchambua. Lakini nilipomaliza akachukua kiazi kingine.

Basi nikamwambia habari zako. Kwamba nina binti, anaitwa Kawira, anaenda kuwa karani wa korti Meru, kazi yake itakuwa kuchukua maneno ya watu na kuyapeleka kwa Kiingereza.

Hapo ndipo aliinua uso. Hakunitazama mimi, alimtazama mke wake.

"Mwulize, huyo mtoto anajua?"

"Hajui," nikasema.

Upepo ulipeperusha majani makavu yakaingia kwenye viazi, akayatoa moja moja. Kisha akasema, "Mwambie amwambie."

Nilifika nyumbani na maneno hayo nikashindwa kuyatimiza kwa mdomo. Nikakuambia "Usiende," kwa sababu ndilo neno fupi lililotoka. Sasa nimeandika. Si kwamba nakuzuia tena. Nenda. Lakini nakusihi, kama nimewahi kukubeba mgongoni, nakusihi.

Mtu akisimama kando yako aseme "mimi," sema "I." Hata kama ni mwizi. Hata kama amefanya jambo ambalo litakufanya uoge ukifika nyumbani. Hata kama ni mzee wa umri wa babu yako na ulimi wako unakataa. Hiyo aibu si ya kwako, ni ya kubeba tu mpaka upande wa pili na kuiweka chini. Na akisema "yeye," usikimbie. Kwetu yeye ni watu wengi. Muulize ni yeye yupi. Wakili atakuharakisha, hakimu atatazama saa, na wewe utatamani kuonekana kwamba unajua. Ninaifahamu tamaa hiyo kuliko mtu yeyote. Sema, "Naomba nimuulize tena." Watu wakicheka, wacheke. Mimi nilichekwa mara moja darasani, nikaogopa kuchekwa mara ya pili, na ona.

Na mtu akikuuliza swali ambalo hukulisikia vizuri, tafadhali, mwanangu, tafadhali, usiseme "yes."

Najua sasa utanitazama kwa macho mengine. Umekua ukiamini mama yako hakupata nafasi ya kusoma. Nilipata. Sijui utaniwazia nini ukipanda gari, na hiyo ndiyo hofu yangu, kwa maana mmoja ameniita yeye mpaka leo na sina nguvu ya kuwa yeye kwako pia.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Baba yako atakusindikiza stendi. Ukiamka ukaisoma na ukaona huwezi kunitazama, ondoka tu, sitakufuata. Mimi nitakuwa shamba la chini, kwenye majani chai, mstari ule unaopakana na njia. Ukipita hapo, huhitaji kusimama wala kusema mengi. Niite tu.

Mama,
Karimi